Pombe Nisiyoionja

Kosa langu lilikuwa moja: sikuonja.

Kwetu Dranya, upande wa Koboko, anayekupa pombe huonja kwanza mbele ya macho yako. Asipoonja, kaleta sumu. Hilo nalijua tangu utoto. Lakini nilikuwa nimepika miaka tisa Arua, kwa familia ya Wahindi, na kwa mama mzee wa nyumba ile ilikuwa mwiko kuonja chakula kabla hajakipeleka kwa mungu wake. Mkono ukazoea. Kwenye matanga ya mume wangu nikampa mjomba wake kibuyu hivihivi. Akanywa. Jua halijapanda, akaanza kutapika.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ndiye aliyepaza sauti. "Muliona? Huyu mama hakuonja!"

Katekista aliyeongoza sala za matanga akafunga lango. Vijana wakashika fimbo.

"Kunywa yote," shemeji akasema. "Kama iko safi, kunywa."

Nikanywa mpaka machicha. Wakaniketisha juani, wakangoja nife.

"Tumbo yake iko ngumu kama jiwe ya kusagia!" mama mmoja akacheka.

Nikashikilia maneno ya yule mama mzee: ujinga si kukosa shule, ujinga ni kuona kitu na kukivalisha sura ya kingine, na mwenye kujua kweli anajua yeye si huu mwili, kwa hiyo haogopi. Mimi niliogopa. Mkojo ulinitoka.

Mchana mjomba akaamka, akaomba uji. Kumbe alikuwa amekunywa waragi, ile pombe kali, siku tatu bila kula. Nikadhani yameisha. Shemeji akaniangalia, akainamisha macho, kisha akasema, "Sumu haiumi mwenyewe. Atoke!" Wakanipiga mpaka barabara ya Arua. Jicho la kushoto halioni tena.

"Chuki toa, mama," mama mzee aliniambia akinikanda, niliporudi kwake Arua. "Ile ni ujinga tu. Hawakuona kweli."

Nilinyamaza, kwa sababu ndiye ananilisha. Katekista na wale vijana, sawa, walikuwa gizani. Shemeji aliona. Shamba la marehemu analima yeye.

Juzi nilimkuta sokoni Arua, akiuza muhogo.

"Mama, habari?"

Nikashika fungu moja, nikasema wateja wasikie: "Huu umetoka shamba langu. Na wewe unajua."

Akaanza kupanga upya mafungu yake.