Mbegu ya Maziwa ya Susu

Harufu ya klorini hunichefua. Wenzangu kazini huipenda, wanasema sakafu ikinuka hivyo ndiyo imekuwa safi, lakini mimi huziba pua na kumeza mate machungu. Nikiisikia tu narudi nyumbani karibu na Mutomo, nina miaka kumi, nimepakata kibuyu cha susu mapajani.

Susu ni nyanya, mama yake baba, na ndiye aliyenilea. Alikuwa na kibuyu kimoja cha maziwa ya mgando, cheusi kwa moshi, chenye kifuniko cha ngozi. Maziwa yakiisha alibakisha kama kijiko kimoja, akakiweka kando katika bakuli, akakifukiza kibuyu kwa kijinga cha moto, kisha akakirudisha kile kijiko ndani na kumimina maziwa mapya juu yake. Kile kijiko alikiita mbegu. Alikuja na mbegu hiyo kutoka Mbooni alipoolewa, akiiombea maziwa kila mahali alipolala njiani isife njaa, na mama yake aliipata kwa mama yake. Nilikunywa maziwa hayo tangu nilipoacha ziwa la mama, nikilamba hadi pua.

Kisha shangazi Nduku, aliyefanya kazi katika maabara ya hospitali, akanichukua siku moja nikaone kazi yake. Alinionyesha visahani vya plastiki. Ndani ya kimoja kulikuwa na vidonge vya kijani na manjano vyenye utelezi, na vilitoa harufu ya soksi iliyolowa.

“Usiguse! Hiyo ni usaha ya kidonda ya mtu, nilipanda juzi. Sasa imemea. Inaitwa kalcha.”

“Unapandaje usaha, aunti?”

“Unaweka kidogo tu, unaipatia chakula, unaacha kwa joto. Wadudu wanazaana wenyewe.”

Unaweka kidogo, unaacha kwa joto. Nilielewa papo hapo nimekuwa nikinywa nini miaka yote. Jioni susu aliponipa kikombe nilitazama yale mabonge yakitelezana, nikaenda kutapika nyuma ya zizi. Nilianza kumwona susu mwenyewe kuwa mchafu: kucha zake, kidole alichoonjea, ile leso aliyofutia kibuyu. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo nilivyohisi.

Wiki hiyo hiyo mwalimu wetu akatangaza siku ya kalcha shuleni. Nilidhani tutaletewa visahani. Kumbe ilikuwa siku ya utamaduni, ya ngoma, shanga na vyakula vya wazee, na susu ndiye aliyechaguliwa kuwaonjesha wageni maziwa ya kibuyu. Alifurahi mno. Aliniita, akanishika bega: “Mwana wakwa, hii mbegu haijawahi kunywewa na wageni wengi hivyo. Mamangu angekuwa hapa!”

Mimi niliona wageni wote wakitapika, na darasa zima likijua ni kwetu. Kwa hiyo siku susu alipokwenda mazoezi ya kwaya akaniachia kazi ya kumimina maziwa, nilimwaga mbegu nje, kuku wakaila. Nikakiosha kibuyu kwa maji ya moto na sabuni ya kufulia, kisha nikatia ile klorini ambayo shangazi alituletea ya maji ya kunywa. Nilisuuza mara tatu, nikamimina maziwa, nikafunga. Kwa desturi ya susu, kibuyu kikishafungwa hakifunguliwi hadi siku ya nne, na siku ya nne ndiyo ilikuwa sherehe. Nililala nikijiona nimeokoa watu.

Susu alikifungua mbele ya wazazi wote, kwa vazi lake la kanisani. Harufu iliyotoka siwezi kuisahau. Haikuwa uchachu, ilikuwa uozo, wa panya aliyefia darini. Mwalimu, kwa heshima, alikuwa ameshapokea kikombe na kupiga funda. Alitema chini, na maji ya samawati yenye nyuzi yakabaki yakining'inia kidevuni mwake. Watu wakarudi nyuma. Mtu akacheka.

Susu aliinama, akaweka pua kwenye mdomo wa kibuyu, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akainuka. “Pole, mwalimu. Ni mimi. Nimezeeka, nilisahau kukifukiza.”

Nilipumua! Niliamini hivyo hivyo, kwamba kweli hakujua. Tena wenzangu walipoanza kumwita Susu wa Maziwa Mabovu, nilijitetea kwa kusema siku hizi anasahau sana. Neno likaenea. Kwaya ikampa mtu mwingine kuongoza wimbo, kwa kuwa huyu anasahau. Hakukitumia tena kile kibuyu, na aliyempa maziwa ya paketi alimshukuru.

Nilikuja kusomea kazi ya vyakula. Mwalimu wa chuo alipoinua kichupa cha maziwa ya kuanzishia na kusema hii ndiyo kalcha, na kwamba wadudu hawa wema ndio huwazuia wale wa uozo, wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje. Susu alikuwa ameshazikwa, na kichefuchefu changu hakikuwa na mwingine wa kumwangukia ila mimi.

Hata hivyo si somo hilo linalonirudia nikinusa sakafu ya kazini. Ni ile pua kwenye mdomo wa kibuyu. Mwanamke aliyeweza kunusa kutoka mlangoni kwamba ng'ombe amekula jani chungu, alikaa muda wote ule juu ya sabuni na klorini, mbele ya watu, kisha akasema ni yeye.