Mama Mkwe Hashushwi kwenye Treni

Uso wa mama mkwe wangu nimeuona vizuri kwenye simu tu. Msidhani tuligombana. Kwetu sisi Baluba, mume wa binti na mama wa binti huheshimiana kwa kuepukana: hawali pamoja, hawagusani, hawatazamani machoni, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini. Heshima hiyo tunaiita buko. Hapa Kamina familia nyingi zimeilegeza, hasa za watu wa reli, waliochanganyika mpaka hawakumbuki mila ipi ilitoka kwa nani. Kwa wakwe zangu haikulegea hata kidogo, kwa sababu ya mtu mmoja: mdogo wake mama mkwe, mjomba wa mke wangu, ambaye huilinda buko kama askari wa Base, kambi ya jeshi ya hapa, anavyolinda uzio.

Basi binti wa mama mkwe aliyeolewa Kalemie alipomtumia mama yake simu yenye kioo kikubwa, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumfundisha. Nilisoma chuo kikuu, na ukweni kwangu wanaamini kwamba chuo kikuu kinafundisha kila kitu, kuanzia simu hadi paa linalovuja. Mimi nilikaa sebuleni, yeye jikoni, kati yetu pazia la kitenge. Sikuweza kumshika kidole nikamwonyesha pa kubonyeza. Kila kitu ilibidi kipite mdomoni: telezesha juu, tafuta alama ya kijani, hapana mama, ile ingine. Baadaye tukaanza kutumiana ujumbe wa sauti, odio kama tunavyoziita, kutoka sebuleni hadi jikoni. Mjomba alipopata habari alitaka kujua kama sauti ya mama mkwe ndani ya mfuko wa shati langu ni adabu. Tuliendelea kutumiana.

Baba yangu mzazi, niliyemfundisha kwa kumshika mkono, mpaka leo hupokea simu akiwa ameigeuza juu chini. Mama mkwe, aliyefundishwa kwa maneno matupu, alikuwa anarekodi odio za Kiluba zenye mwanzo, kati na mwisho, kitu ambacho insha zangu hazina.

Jumapili moja baada ya misa alituma odio kwenye kikundi cha familia. Alisema anakwenda Kalemie kwa treni, kuliona ziwa la huko. Marehemu mume wake alikuwa dereva wa treni, na ziwa lile alilifikia mara nyingi kuliko alivyofika shambani kwake. Yeye, mke wa mtu wa reli, alikuwa na haki ya kusafiri, lakini kila mara kulikuwa na mimba, au mtoto mwenye surua, au mahindi ya kuvuna. Sasa, alisema, hakuna anayelia tena nyumbani. Akifa bila kuliona, asizikwe na mtu yeyote aliyemzuia.

Wakamzuia wote. Walitaja magoti yake. Walitaja treni inayoweza kulala porini na watu wake. Walitaja aibu, kwamba watu wa mtaa watadhani tumemfukuza. Mjomba akafunga mazungumzo: wazee hawatembei, wanatembelewa. Nami, kwa kuwa siwezi kuacha mjadala upite bila hoja zangu, niliandika ujumbe mrefu, wenye aya, kuunga mkono hoja ya mjomba kwa lugha bora kuliko yake.

Odio ya mama mkwe ilikuja kwangu peke yangu. Alisema amesikia. Alisema pia kwamba mimi ndiye nitakayemsindikiza. Mke wangu ana darasa lake la shule ya msingi, shemeji zangu wako mbali kwenye migodi ya Kolwezi, na mimi ninaandika, kazi ambayo hapa Kamina huhesabiwa kama kukaa nyumbani.

Treni yetu haina saa, ina habari tu. Habari ilipofika kwamba ipo, mjomba alikuwa shambani, na mama mkwe hakuona sababu ya kumsumbua. Alipanda behewa la kina mama wenye mifuko ya unga. Mimi nilipanda behewa la nyuma yake, kama buko inavyotaka. Kila palipokuwa na mtandao alinitumia picha: mbuzi kwenye kituo, daraja, mama mmoja anayecheka. Mara moja nilishuka kununua maji, na niliporudi nikakuta picha ya kisogo changu na odio fupi ya kuniarifu kwamba nywele inakwisha huku nyuma.

Tulipokaribia Kabongo, mjomba akapiga. Amri ilikuwa nyepesi: nimshushe dada yake hapo Kabongo, binamu yao atampokea na kumrudisha kwa pikipiki. Sikubisha. Nilijiambia kwamba yeye ni mkubwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka, na kitanda changu kilikuwa upande wa Kamina.

Nikashuka, nikaenda chini ya dirisha la mama mkwe, nikageuza mgongo, nikaitoa amri ya mjomba kama hotuba. Mbele yangu alisimama mama muuza mapera. Alidhani ninaongea naye, akanijibu kwamba yeye hawezi kushuka, hajapanda.

Behewa zima likatega sikio. Sauti ya mama mkwe ilitoka juu ya kichwa changu, bila haraka.

"Ule mutoto nilimubebaka ku mugongo," alisema. "Leo njo ananishusha? Umwambie miye niko mu treni, yeye iko ku kiti."

Kina mama wakaguna kwa kuridhika. Nikaanza kusema kwamba ni kwa usalama wake. Hakuniacha nimalize.

"Na weye, mukwe, kama uko na nguvu, ingia basi, unishike mukono unitoshe inje."

Kicheko kilichotoka kwenye lile behewa nadhani kilisikika Malemba-Nkulu. Hata muuza mapera aliinamisha kichwa juu ya beseni lake. Mimi nilisimama pale na miwani yangu na shahada yangu, nikaelewa polepole, kama kawaida yangu, kwamba nimepewa njia.

Nikampigia mjomba. Nilimweleza kwamba dada yake hashuki kwa maneno, na kumshusha kwa mikono ni kumgusa, na mkwe hamgusi mama mkwe. Kisha akasema niite polisi wa kituo.

"Niwaambie kosa lake ni nini, mzee?" niliuliza. "Uzee?"

Sikuwahi kumjibu hivyo mkubwa yeyote katika familia ile. Akaanza kupaza sauti, na mtandao ukakatika. Mpaka leo nasema ni mtandao.

Honi ikalia, nikakimbilia behewa langu.

Ziwa alilifikia, na habari zake huzisimulia mwenyewe kwa odio ndefu kuliko ile safari. Mimi nakumbuka zaidi Kabalo, kituo cha mbele. Simu yangu iliposhika mtandao pale, ilianza kuita bila kupumzika, namba nisizozijua, wanaume wakali nisiowajua. Kumbe baada ya Kabongo kina mama wa behewa lile walisimuliana nani aliondoka kwa ruhusa ya nani, na ikaonekana wengi hawakuwa na ruhusa ya mtu. Mama mkwe akawafundisha kurekodi odio, kila mmoja akawaarifu watoto wake alipo. Na kwa kuwa hawakutaka kusumbuliwa njiani, aliwapa namba yangu, ya msindikizaji, ili malalamiko yote yapitie kwangu.

Wa kwanza nilizungumza naye kwa adabu, nikampa pole. Kuanzia wa pili niliwaambia tu kwamba mama zao hawashuki.