Gari la Harusi la Baba

Harufu ya gundi ya viatu, sponji mpya na petroli iliyokaa muda mrefu: hiyo ndiyo harufu ya mwaka niliomaliza darasa la saba. Ilinishika kwenye nywele na kwenye sketi, na Jumapili wenzangu wa kwaya walinisogelea kwa tahadhari kidogo, wakijifanya hawainusi. Nyumbani kwetu ni Nkoaranga, kwenye mteremko wa Meru, mahali ambapo migomba na mibuni imesongamana hadi jua linaingia kwa vipande, na njia ya kwenda mtoni ni kali kiasi kwamba wazee wameichongea ngazi kwenye udongo. Nyuma ya nyumba palikuwa na banda la mabati ambalo zamani lilikuwa la ng'ombe. Humo ndimo lilimosimama gari la baba, gari dogo la rangi ya maziwa ambalo lilikuwa teksi mjini Arusha tangu kabla sijazaliwa. Nilikaa ndani ya gari hilo kuanzia Septemba hadi Januari, na muda wote huo halikusogea hata hatua moja.

Kiharusi kilimpata baba mwezi wa tano, asubuhi, akiwa amejiinamia anafunga kamba za viatu. Upande wake wote wa kulia ulikufa ganzi: mkono, mguu, na nusu ya mdomo. Alipotoka hospitali maneno yake yalikuwa yanatoka yamelowa na kukatika, na wageni waliokuja kumjulia hali walikuwa wananitazama mimi ili niwaambie amesema nini. Sijui nilijifunza vipi kumwelewa. Nilimwelewa tu, kama mtu anavyozoea mwandiko mbaya wa mwalimu wake. Mama alikuwa na ng'ombe wawili, mashamba, na ndizi za kupeleka soko la Tengeru kila Jumatano na Jumamosi. Mimi nilikuwa nimemaliza mtihani na sikuwa na pa kwenda. Basi nikapewa baba.

Alikuwa na mpango. Alisema akipona hatarudi tena kugombea abiria pale mjini. Gari lake litakuwa la kubebea maharusi. Viti vitavikwa ngozi nyeupe, dari litakuwa la kitambaa laini, na chini ya dashibodi, kwenye milango na miguuni kutakuwa na taa ndogo za kijani za kumwangazia bibi harusi gauni lake. Injini ilikuwa nzima, kwa hiyo kilichobaki, kwa maoni yake, kilikuwa kazi ya mkono tu. Na mkono ulikuwa wangu. Kila asubuhi mimi na mama tulimshika huku na huku, tukamvusha uani akiburuta mguu, tukamketisha kiti cha mbele cha abiria juu ya mto wa sufi. Kisha mama alikwenda zake, nami nikaanza. Niling'oa viti, nikakata sponji, nikashona ngozi kwa sindano ya magunia. Nilijifunza kuchubua nyaya kwa meno. Balbu ndogo za dashibodi nilizipaka rangi ya kucha ya kijani, nikazipanga juani kwenye kipande cha ubao zikauke, na kuku wakazidonoa, nikaanza upya.

Baba alielekeza kwa kidole cha mkono wa kushoto. Nikikosea alipiga dashibodi kwa kiganja, pa, pa, hadi nirekebishe. Hakuwa mkali wa kutukana; hata angetaka asingeweza. Lakini hakuwa na saa ya kupumzika. Nikisimama kujinyoosha aliuliza nakwenda wapi. Nikienda chooni niliporudi nilimkuta amegeuza shingo, ameukodolea macho mlango wa banda. Wasichana wenzangu walipita na ndoo kuelekea mtoni, nikasikia vicheko vyao vikishuka zile ngazi za udongo, halafu kimya, halafu baada ya muda vikipanda tena vikiwa vizito kwa sababu ya maji. Mimi nilikuwa nimelala chali miguuni pa baba, kichwa chini ya dashibodi, bisibisi mdomoni, naziangalia nyaya zile za rangi mbalimbali hadi naziota. Niliona aibu kuchoka. Mtu ambaye amefungwa kweli alikuwa yeye, na nilijua. Lakini kujua hakukunisaidia kitu.

Kilichoniumiza zaidi ni shule. Mwezi wa kumi nilikuwa nimefanya usaili wa shule ya bweni ya wasichana, mbali na kwetu, na usharika wetu wa kanisa ulikuwa umekubali kunisomesha nikichaguliwa. Mwishoni mwa Novemba majibu yalianza kufika. Naomi, tuliyekaa naye dawati moja, alipata lake. Mimi sikupata. Mama aliuliza kila Jumapili baada ya ibada, akaambiwa barua zinaletwa na mwalimu mmoja anayepita majumbani, tuvumilie. Wiki ya pili ya Desemba aliacha kuuliza. Aliniambia tu, huku anachambua mboga, kwamba kufeli usaili si mwisho wa dunia na kwamba baba ananihitaji. Nilirudi bandani nikashona mshono mzima wa kiti cha dereva bila kuinua kichwa.

Ukiacha Jumapili na siku ya usaili, siku moja tu ndani ya msimu ule nilitoka. Waya ulikuwa umeisha, na mama akanituma mjini kwenye duka la vipuri ambalo baba alinunua miaka yote. Mwenye duka alikuwa mzee Singasinga mwenye kilemba cha bluu, aliyezaliwa Arusha na kuzungumza Kiswahili cha mjini kuliko mimi. Nilimwamkia, nikampa karatasi yenye orodha. Aliuliza hali ya baba, akauliza nani anafunga taa hizo. Nikasema baba. Akanitazama vidole, vilivyojaa makovu madogo na gundi iliyokauka, akaniongezea fyuzi moja ambayo haikuwa kwenye orodha. Alinieleza taratibu kwamba waya unaotoka kwenye betri upite kwanza kwenye fyuzi kabla ya kufika kwenye taa yoyote, ili ukigusana na bodi, ikatike fyuzi na si kitu kingine. Nilipotoka dukani nilisimama barabarani muda mrefu kuliko ilivyonipasa. Mabasi ya mikoani yalikuwa yanapita na watu madirishani. Hakuna aliyekuwa ananiuliza nakwenda wapi. Kabla ya saa saba nilikuwa nimerudi ndani ya gari.

Baba aliikataa fyuzi. Kuifunga kungetaka kukata waya niliokwisha kuupitisha na kuanza upande ule upya, na yeye alitaka kuona taa zikiwaka siku hiyohiyo. Alisema tutaiweka kesho. Kesho alisema kesho. Taa ziliwaka kweli, kijani kibichi miguuni, na baba akacheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki, machozi yakimtoka. Sikuwa na moyo wa kubishana naye tena.

Jumamosi iliyofuata mama alikuwa sokoni. Tulikuwa tunavika milango, kwa hiyo nilikuwa nimeng'oa kava zote nne, mikono ya kufungulia na ya kushushia vioo, na kuviweka kwenye kopo juu ya jiwe, nje. Viti vya nyuma vilikuwa vimeegemezwa ukutani. Mvua ikaja kutoka mlimani bila kutuma taarifa, ikapiga mabati, ikaanza kuvuja juu ya sponji mpya. Baba akanionyesha mlango uliokuwa wazi ili niufunge. Nikaingia haraka upande wa dereva nikaubamiza. Ulipojifunga ndipo wote wawili tulipotazama mahali ambapo mkono wa kufungulia ulipaswa kuwapo. Palikuwa na tundu.

Mwanzoni tulisubiri tu. Mvua ingekatika, mama angerudi, ni saa mbili tatu. Vioo vilijaa ukungu. Taa za kijani zilikuwa zinawaka, nasi tukakaa ndani ya mwanga ule kama watu walio chini ya maji. Kisha nikasikia harufu ambayo haikuwa ya gundi. Moshi mwembamba ulikuwa unapanda kutoka chini ya dashibodi, upande ambao waya ulipita karibu na chuma. Nilibonyeza swichi, taa zikazimika, moshi haukukoma. Niliingiza mkono kwenye tundu la mlango nikatafuta kile kichuma kinachovuta komeo, bati likanichana kiwiko hadi damu. Baba alikuwa anasema neno. Alilirudia mara tatu, nne, akipiga paja lake, na kwa mara ya kwanza tangu augue sikumwelewa. Nilimpigia kelele aseme vizuri. Bado nasikia nilivyompigia kelele.

Alikuwa anasema buti. Buti, sehemu ya mizigo nyuma ya gari, lilikuwa na komeo bovu, tulilifunga kwa kamba ya katani. Nilitambaa mahali palipokuwa na viti vya nyuma, nikaisukuma kadibodi iliyotenga buti kwa miguu hadi ikachanika, nikaikata kamba kwa koleo la nyaya huku nakohoa. Nilianguka nje kwenye matope. Boneti lilikuwa wazi. Nikauchomoa waya wa betri kwa mkono mtupu, ukaniunguza kiganja. Kisha nikazunguka, nikafungua mlango wa baba kwa nje, nikamvuta. Sijui nguvu nilizitoa wapi. Alitoka pamoja na mto wake wa sufi, tukakaa chini, mimi nimemkumbatia kwa nyuma, moshi ukitupita kichwani na kupungua polepole.

Ndipo nilipoiona bahasha. Ilikuwa imetoka pamoja na mto, imelala kwenye udongo, imejikunja kwa umbo la mtu aliyeikalia. Ilikuwa na mhuri wa shule na jina langu. Pembe moja ilikuwa imechanwa, kwa meno nadhani. Niliisoma palepale, matone ya bati yakidondokea maandishi. Nilikuwa nimechaguliwa. Fomu ilitakiwa irudi shuleni imejazwa, na zilikuwa zimebaki siku nne.

Mwalimu alikuwa ameileta siku ile nilipokuwa mjini na mama shambani, akamkuta baba ndani ya gari, akamkabidhi. Nilielewa bila kuelezwa. Nilimtazama nikingoja aseme. Alikawia sana, midomo ikitafuta njia, na alichosema nilikisikia neno kwa neno.

"Nani atakuwa mkono wangu?"

Ningeweza kusema mambo mengi, na kwa miaka mingi nimeyasema yote nikiwa peke yangu. Siku ile nilimfuta tu matope usoni kwa kanga ya mama iliyokuwa kwenye kamba, nikambeba kwa kumburuta hadi barazani.

Mama aliporudi nilimwambia barua imeletwa leo. Aliichukua, akaigeuza, akaona mikunjo yake, pembe iliyochanwa, na jinsi ilivyonuka sufi na petroli. Alimtazama baba. Baba aliangalia mibuni. Mama akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi imechelewa njiani," akaenda kutafuta kalamu. Jumatatu aliipeleka fomu mwenyewe hadi shuleni. Maneno mengine juu ya barua ile sikuyasikia nyumbani kwetu, wala siku ile wala baadaye.

Januari niliondoka na sanduku la bati. Asubuhi ile tulimketisha baba ndani ya gari kama kawaida, kwa sababu ndipo alipotaka, nikamwamkia, naye akaitikia. Nilimshika mkono wa kulia ule usiosikia kitu. Nilipofika barabarani sikugeuka, kwa hofu kwamba nikigeuka nitarudi. Likizo ya Juni nilimkuta amevika dari peke yake kwa mkono wa kushoto. Kitambaa kilikuwa kimejaa mikunjo na gundi ilikuwa imevuja hadi kwenye vioo. Aliniomba niseme kama ni zuri. Nilisema ni zuri. Aliishi miaka sita mingine, na hakuna bibi harusi aliyewahi kupanda gari lile.

Leo ninaishi Elerai, mjini Arusha, nina kazi ya maabara, na nina gari ambalo hufunguka kwa kubonyeza. Mitaani vijana wananunua taa za ndani zikiwa kwenye mkanda mmoja wenye gundi tayari. Wanabandika nusu saa, wanachagua rangi kwa simu, na fyuzi imo ndani yake. Nikiwaona nafurahi kwa ajili yao, kwa sababu hawahitaji mtoto wa mtu alale miguuni kwao miezi minne. Mama yuko bado Nkoaranga, na hivi karibuni magoti yamemshinda zile ngazi za mtoni. Majirani wananiuliza nitarudi lini kumwangalia. Ni swali la haki, na kila nikiulizwa nakumbuka siku ile vioo vilipojaa ukungu. Wiki iliyopita nilimpigia simu nikamwambia ninafikiria kuacha kazi. Akaniambia ameshapata msichana wa kumsaidia, mtu mzima, anayelipwa na mwenye siku yake ya mapumziko, nami niendelee na kazi yangu. Nilimshukuru. Nilikata simu nikakaa, na nikatambua kwamba nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu isipokuwa la kuachiwa huru.