Mfamasia wa Ng'ambo ya Barabara

Verlene Stidham alifaulu mtihani wa ufamasia akiwa na miaka arobaini na sita, na kwa siku tatu nzima hakuna mtu mjini Bristol aliyeweza kununua hata mkate bila kupashwa habari hiyo. Hata ambaye hakuuliza alijibiwa.

Miaka kumi na tisa alikuwa msaidizi katika duka la dawa la Bwana Ratliff, akihesabu vidonge na kubandika majina ya wagonjwa kwenye chupa, mpaka siku moja mzee akamwambia, "Verlene, umenisahihisha mara nyingi mno. Nenda ukasome, uje unisahihishe kihalali." Akaenda. Darasani siku ya kwanza binti mmoja alimdhania mwalimu, akamkabidhi daftari. Verlene kwa kuona haya akalipokea, akalisahihisha. Baadaye ikaja kujulikana kwamba binti alikuwa amepatia kila kitu.

Sasa, Bristol ni mji mmoja uliogawanywa kati ya majimbo mawili ya Marekani. Mpaka umepita katikati ya barabara kuu. Upande wa kusini ni Tennessee, na huko ndiko Verlene alikoishi na mumewe Hobart, juu ya duka la viatu. Upande wa kaskazini ni Virginia, lilikokuwa duka la Bwana Ratliff. Toka mlango hadi mlango ni hatua sitini na mbili. Mtihani ni mmoja kwa nchi nzima, lakini kila jimbo lina baraza lake la famasia, na kila baraza linataka lipelekewe matokeo lenyewe. Ukijiandikisha, unachagua kwenye kompyuta majimbo unayotaka yapelekewe.

Jioni ile ya kujiandikisha Hobart alikaa nyuma yake na kikombe cha kahawa, akitoa ushauri ambao hakuombwa.

"Weka na Alaska."

"Alaska kuna nini?"

"Samaki wa samoni."

"Na mimi nikafanye nini huko, niwape samoni dawa ya kikohozi?"

"Weka tu, mama. Mtu hajui kesho yake."

Akaweka Tennessee, jimbo la nyumbani. Akaweka Alaska ili mume anyamaze, na Kentucky kwa sababu ya dada yake. Kisha akateremka hadi karibu na mwisho wa orodha kuliweka lile aliloliendea shule, Virginia. Miwani alikuwa ameipandisha kichwani, naye akawa anailaani droo kwa kuificha. Akabofya. Akafunga kompyuta kwa kishindo cha mtu mwenye hakika.

Matokeo yalipotoka, Tennessee waliandika upesi. Akafanya mtihani wao wa sheria, akapewa leseni. Virginia kimya. Bwana Ratliff, mwenye miaka sabini na minane na goti lililosubiri upasuaji, alimuuliza kila Jumatatu.

"Bado hawajaandika?"

"Baraza kubwa lile, mzee. Wakubwa hawasukumwi."

"Kwa nini usiwapigie simu?"

"Nisije nikaonekana mshamba."

Ikapita miezi mitatu na ushee asionekane mshamba. Hatimaye simu ikalia, saa nne asubuhi, dukani, watu sita kwenye foleni. Mwanamke mwenye sauti ya upole alisema anapiga kutoka baraza la famasia.

"Hatimaye!" Verlene alipaza sauti, akaweka simu kwenye spika ili foleni nayo ifaidi. "Nimewasubiri kama mvua!"

"Tumefurahi kusikia hivyo, Bi Stidham. Matokeo yako tumekuwa nayo muda mrefu, ila hujaleta maombi ya leseni. Tukawa tunajiuliza kama bado una nia ya kuja kuishi Vermont."

Foleni nzima ikamgeukia. Kwenye orodha, Vermont imekaa moja kwa moja juu ya Virginia.

"Vermont," Verlene alisema.

"Ndiyo, mama. Huku kwetu kuzuri. Baridi kidogo."

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Bwana Ratliff. Alicheka mpaka akashika kaunta, goti likamuuma, akawa anacheka na kulia kwa pamoja. Yule mwanamke wa Vermont, alipoelezwa, alicheka naye, kisha akatoa habari mbaya kwa adabu: muda wa kuongeza jimbo ulikwisha siku ya tisini. Njia iliyobaki ilikuwa kuihamisha leseni ya Tennessee hadi Virginia, yaani fomu, alama za vidole, mtihani mwingine wa sheria, na kungoja.

"Muda gani?"

"Hiyo waulize Virginia wenyewe. Mimi ni wa Vermont."

Ikawa miezi minne. Miezi minne hiyo Verlene alikuwa kiumbe wa ajabu: akiwa jikoni kwake ni mfamasia kamili, akivuka barabara anarudi kuwa msaidizi. Mzee akalazimika kuahirisha upasuaji, akawa anakaa kwenye kiti kirefu na goti limefungwa barafu, akitia saini kila dawa, kwa kuwa duka haliruhusiwi kufunguliwa bila mfamasia.

Jambo lililomkera zaidi Verlene ni kwamba sheria haikumruhusu kuwashauri wateja. Siku moja akaja Bi Odom, jirani wa miaka themanini, akauliza kama dawa yake ya presha inapatana na ile ya mafua. Mzee alikuwa chooni, na kwa goti lile, chooni ilikuwa safari. Verlene akamshika Bi Odom mkono.

"Twende nje kidogo, bibi."

"Kuna moto?"

"Hapana. Tunakwenda Tennessee."

Wakavuka taratibu, gari mbili zikisimama kuwasubiri. Walipofika ng'ambo, Verlene akakohoa kidogo, akanyoosha koti, akasema kwa sauti ya kitaalamu, "Hii ya mafua itakupandisha presha. Usiinywe. Chukua ile isiyo na dawa ya kuzibua pua."

Bi Odom akamtazama kwa huruma.

"Mwanangu, si ungeniambia tu kule ndani? Magoti yangu nayo ni ya zamani."

Waliporudi, Bwana Ratliff alikuwa amekaa kitini mwake karibu na dirisha. "Nimemaliza miaka hamsini katika kazi hii," alisema, "sijaona mfamasia anayehitaji taa za barabarani." Kisha, Bi Odom alipomuuliza swali lake, akamjibu yale yale ya Verlene, neno kwa neno, bila kuinuka kitini. Verlene akaenda nyuma ya rafu, akacheka peke yake hadi machozi, kwa kuwa kulia kungemtia aibu zaidi.

Leseni ilifika Oktoba. Mzee akaenda hospitali wiki hiyo hiyo, na Verlene akabaki peke yake na jina lake kwenye beji. Asubuhi ya kwanza akaingia mwanamume mgeni, uso umekunjamana.

"Samahani, naweza kuzungumza na mfamasia?"

Verlene akageuka nyuma kumtafuta Bwana Ratliff. Kiti kilikuwa kitupu.

"Ndiye mimi," alisema, akaiinamia kaunta, tayari kwa lolote.

Yule bwana akashusha sauti.

"Choo kiko wapi?"