Vidole vya Phelista, Jina la Fridah

“Jina lilikuwa langu, sawa. Lakini hivyo vidole si vyangu!”

Fridah Naliaka anapaza sauti mpaka kuku wanatawanyika. Ni saa moja asubuhi hapa Ndalu, kaunti ya Bungoma, na ua wa michongoma kati ya boma hizi mbili umeshapata wasikilizaji. Waendao kisimani wamepunguza mwendo. Mama mmoja amekumbuka ghafla kwamba anahitaji kuazima chumvi.

Upande wa pili, Phelista Wakhungu, 43, anapukuchua mahindi kwa mkono wa kushoto, gunzi amelibana kwa magoti. Hapandishi sauti.

“Dada, sikuombi vidole. Nakuomba ukweli.”

Mkono wake wa kulia umebaki na kidole gumba na cha shahada. Vitatu viliondoka miezi tisa iliyopita, mkanda wa mashine ya kuchambua mbegu ulipomvuta katika kiwanda kimoja mjini Kitale.

Siku hiyo zamu haikuwa yake. Fridah alikuwa amekwenda kumzika shangazi yake huko Cheptais, na vibarua wa pale wana utaratibu wao: ukipata udhuru, jirani anaingia kwa jina lako. Yeye anachukua shilingi 480 za siku, wewe unabaki na nafasi yako. Phelista aliitika “Fridah” langoni. Daftari likaandika Fridah.

Alipodai fidia, kiwanda kilijibu kwa barua ya mistari minne: Phelista Wakhungu hakuwa kazini siku hiyo.

“Ati sikuwepo!” Phelista anacheka, ingawa macho hayacheki. “Kwa hivyo vidole vyangu vilienda kazi peke yao?”

Kabla ya barua hiyo, msimamizi alikuwa amemtembelea na jogoo mwekundu, unga kilo kumi na karatasi ya kutia sahihi, kwamba aliumia nyumbani.

“Unga tulikula. Karatasi nikamrudishia. Jogoo nikamfunga hapo. Kama niliumia kwangu, hii pole yao ilikuwa ya nini?”

Jogoo bado yuko, kamba mguuni, amenona kama padri. Kijiji kizima kinamwita Shahidi. Krismasi ilipita, wageni wakapita, mumewe Mukhwana akamtazama kwa uchungu, lakini Phelista hakukubali achinjwe.

Shida ni kwamba jogoo haandiki kauli. Phelista amekwenda kwa afisa wa kazi Kitale mara kumi na moja. Daktari ameshajaza fomu kwamba ulemavu ni wa kudumu. Imebaki kauli ya mwenye jina, na siku ya mwisho ya kuiwasilisha ni kesho.

“Nikisema tulibadilishana, watanifuta kazi,” Fridah anasema, sasa kwa sauti ya chini. “Watoto wangu wanne watakula ushahidi?”

“Wangu nao wanakula nini, Fridah? Barua?”

Hata mama wa chumvi amesahau chumvi.

“Na ingekuwa wewe uliingia kwa jina langu,” Phelista anaongeza, akichukua gunzi lingine, “ningesema siku hiyo hiyo. Unajua ningesema.”

Fridah anageuka, anaingia kwake na kubamiza mlango.

Phelista anaendelea kupukuchua. Akilipwa, anasema, atanunua mashine ya kupukuchua mahindi, awe anawafanyia kazi wakulima wa hapa mpaka Tongaren. “Na itakuwa na kifuniko. Mtu akiweka mkono karibu bila kifuniko, nitamfukuza na mwiko.” Fridah asipokwenda kesho, anasema, ataenda peke yake, mara ya kumi na mbili.

Saa sita mchana Fridah anatokea mlangoni. Mkononi ana kitambulisho, kadi ya kazi na programu ya mazishi ya Cheptais, yenye tarehe na jina lake kati ya waombolezaji.

“Afisi inafunguliwa saa ngapi?”

“Saa mbili.”

“Basi tutoke na mapema. Nisije nikabadilisha nia njiani, bana.”

Phelista anaweka gunzi chini, anaita kuelekea nyuma ya nyumba: “Mukhwana! Leta kisu!”

Mukhwana anakuja mbio nacho, kama aliyekuwa akiingoja amri hiyo tangu mwaka uanze. Fridah anageuka kwenda zake.

“Sasa unaenda wapi?” Phelista anasogeza kiti kwa mkono ule wa vidole viwili. “Ingia ukae, dada. Leo tunakula shahidi wa zamani. Mpya amefika.”