Perege kwa Samaki wa Mti

Asubuhi niliyoanza kazi, Bwana Shamba aliniwekea kiganjani samaki wa mti, wa kuchongwa, mwenye ndoana tumboni, mfupi kuliko kidole changu cha shahada. Nilikuwa nimetoka Handeni kwa miguu kutafuta kazi ya kukata mkonge katika shamba la Wajerumani karibu na Korogwe. Badala yake nikapewa kazi ya kuvua samaki wa meza ya Bwana Shamba mwenyewe, mzungu aliyesimamia shamba zima.

"Usimtie chambo," akaniambia. "Mvute tu. Akitetemeka, unavuta vizuri."

Nyinyi vijana mnaovua kwa minyoo hamkuyaona haya. Chini ya kidevu cha samaki yule palichomekwa ulimi wa bati. Ukimvuta, maji huusukuma ulimi, naye huzama na kujitikisa kama kidagaa aliyeumia. Mtikisiko huo hupanda kwenye mshipi hadi kidoleni. Mtikisiko ukikatika ghafla, ujue jani limenasa. Perege hamrukii kwa njaa. Dume huchimba kiota chake mchangani, kando ya matete, na kila kitu kidogo kinachopita hukiuma ili kukifukuza. Ndiyo maana samaki wa mti alipaswa kuwa mdogo. Akiwa mkubwa, perege hukimbia.

Mwenzangu kazini alikuwa Mihambo, Mnyamwezi aliyekuja kujenga reli akabaki. Samaki wa mti waliotoka Ulaya walipopotelea kwenye magogo ya mto Ruvu, huo mnaouita Pangani, yeye ndiye aliyechonga wengine. Wazigua na Wanyamwezi ni watani, kwa hiyo hatukuwa na siku ya kimya.

"Mzigua, sogea huko! Kivuli chako kinanuka, samaki wanakimbia."

"Wewe umezoea kubeba pembe. Mshipi utauwezea wapi?"

Mtani akikutukana, unacheka. Akichukua kitu chako, huwezi kumdai. Ndivyo tulivyolelewa.

Kisha vita vya Wajerumani na Waingereza vikaja. Askari walipita mashambani wakikusanya wapagazi wa kubeba mizigo ya jeshi, na waliochukuliwa hawakuwa wakirudi. Mke wangu alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia. Asubuhi moja Bwana Shamba akatuita.

"Nimeruhusiwa kubakiza mvuvi mmoja," akasema. "Leteni makapu adhuhuri. Mwenye samaki atabaki. Asiye na kitu atakwenda na askari."

Mvua ilikuwa imenyesha milimani Usambara, na mto ulikuwa umegeuka tope. Katika maji ya namna ile perege hamwoni samaki wa mti. Nikavuta, nikaomba dua, nikavuta tena, nisipate hata mmoja. Mihambo alikwenda mahali ambapo kijito safi huingia mtoni, akarudi na perege wawili.

Adhuhuri tulirudi pamoja. Tulipokaribia nyumba ya Bwana Shamba, Mihambo akaninyang'anya kapu langu tupu, akanisukumia lake, akatimua mbio.

"Mihambo! Rudisha!"

"Mtani hadaiwi! Mpikie mkeo mchuzi, Mzigua!"

Nilipofika, alikuwa amekwisha simama mbele ya Bwana Shamba na askari.

"Wewe huna kitu?"

"Sina, Bwana. Perege wa huku wanawapenda Wazigua. Wajinga hupendana."

Askari wakacheka. Nikasema, "Bwana, kapu hili ni lake."

"Liko mkononi mwa nani?" akauliza Bwana Shamba, akaingia ndani.

Wakamfunga Mihambo kamba pamoja na wengine, wakaondoka naye.

Mke wangu alijifungua salama, mtoto wa kike. Vita vilipokwisha nilivua Hale, chini ya msimamizi wa daraja, mtu mpole. Huko ndiko mpagazi mmoja aliyerudi alikonipa habari. Mihambo aliugua kuhara damu ng'ambo ya Handeni, akafa njiani. Walimfukia haraka kando ya njia, wakaamriwa kuendelea.

Sasa macho yangu hayaoni tundu la ndoana, na nimeiacha kazi. Sinung'uniki. Mungu amenijalia wajukuu, na subira pia. Ila kwetu mtu akifa, mtani wake hushuka kaburini, akalala humo, akamtukana marehemu, asikubali kutoka mpaka wafiwa wacheke. Hiyo ilikuwa haki ya Mihambo juu yangu. Alizikwa na watu waliochoka, na hakuna aliyemtania.