Shavu la Kulia la Mama

Mwezi uliopita nilimkuta kijana akiandika bango la saluni kando ya barabara, na harufu ya tapentaini ikanisimamisha. Ni harufu kali, inachoma pua halafu inaacha utamu fulani kooni. Nilijifanya nasoma aina za misuko zilizoandikwa pale ukutani, lakini sikuwa nasoma kitu. Nilikuwa na miaka tisa tena, Tunduma, mtaa wa Chapwa, nimekalia debe lililopinduliwa, namtazama baba yangu akisuuza brashi zake kwenye kopo la maziwa ya unga.

Baba alikuwa mchora mabango. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia yalikuwa yanapanga foleni siku mbili, tatu, na madereva waliochoka kulala walimwita awaandikie jina la mtoto kwenye bampa au awachoree mnyama mlangoni. Simba wake walikuwa na tabasamu. Dereva mmoja alilalamika kwamba simba wake anaonekana kama anataka kusalimia watu, na baba akamjibu kwamba lori linaloenda mbali linahitaji kupokelewa vizuri.

Kuchora alikuwa amejifunza kwenye kitabu. Babu yake aliwahi kuwa mpishi wa wamisionari wa Kiskoti ng'ambo ya mpaka, na wa mwisho wao aliporudi kwao alimwachia sufuria, koti na kitabu kikubwa chenye picha. Sufuria ilitoboka, koti mzee akazikwa nalo, kitabu kikamfikia baba. Kilikuwa cha wachoraji na wachongaji wa Uskoti, tangu wa zamani kabisa hadi wa siku za wamisionari wenyewe. Mchwa walikuwa wamekula jalada lote na ukurasa wa kwanza, lakini picha hawakuzigusa. Baba alisema hata mchwa wanajua kuheshimu.

Kiingereza cha baba kilikuwa cha foleni ya malori, na majina ya wale watu yaliushinda ulimi wake na wangu. Basi tukawapa majina yetu. Aliyechora matajiri wenye nyuso nyekundu tulimwita Mzee Mashavu. Aliyechora ng'ombe wenye manyoya hadi machoni, wamesimama kwenye ukungu, tulimwita Bwana Ng'ombe, na baba alidai ukungu ule ni wa Mbozi kabisa, asubuhi ya Juni. Kulikuwa na mwingine aliyekuwa anakwaruza picha kwenye bamba la shaba kwa ncha ya chuma, analipaka wino, halafu anakandamizia karatasi. Huyo alikuwa Bwana Sindano. Na mchongaji aliyetoa mtoto aliyelala kutoka kwenye jiwe jeupe hatukumpa jina. Baba alipofika kwenye ukurasa wake aliufunua taratibu tu.

Picha mbili ndizo zilizonilea. Ya kwanza ilikuwa ya Mzee Mashavu, mzee mwenye chunjua kubwa kando ya pua.

"Unaiona hii?" baba alikuwa akiniambia, kidole hakigusi karatasi. "Huyu alikuwa mtu mkubwa, angeweza kuamuru ifutwe. Mchoraji hakuifuta. Ukiifuta, Loveness, umemchora mtu mwingine."

Ya pili ilikuwa ya mwanamke anayepanga maua, amegeuza kichwa kama mtu aliyeitwa jina lake ghafla. Baba aliambiwa na mwalimu mmoja aliyemsomea maandishi ya chini kwamba yule alikuwa mke wa mchoraji mwenyewe. Tangu siku hiyo alitaka kumchora mama vilevile.

Mama hakutaka. Alikuwa anauza mitumba, anavuka mpaka kwenda Nakonde na kurudi mara nyingi kwa wiki, na wateja wa kule walimwita Bana Loveness, yaani Mama Loveness kwa lugha yao, kwa sauti ambazo sisi upande huu tulizisikia. Alicheka sana, ila alicheka akiwa ameinamisha uso upande wa kulia. Kwenye shavu la kulia alikuwa na kovu la moto, kuanzia sikioni mpaka kwenye taya, laini na la kung'aa kama utando wa maziwa yaliyopoa. Mimi nililipenda. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nalala nimeliwekea kiganja. Lakini tulipokwenda Msangano kwa bibi, aliyemzaa yeye, alifunga kitambaa cha kichwa hadi kikafunika shavu, na hakukifungua hadi tunaondoka, hata joto liwe kali vipi. Nilidhani anaona haya mbele ya ndugu zake.

"Kaa dakika kumi tu," baba alikuwa akimbembeleza.

"Na hao Wazungu wenu, mbona hakuna anayecheka hata mmoja?" mama alijibu, huku anakunja mashati. "Nikikaa nami nitanuna hivyo hivyo. Subiri, Baba Loveness. Subiri."

Baba alisubiri. Mvua za Machi mama alishikwa na homa, siku ya tatu ikapanda kichwani, siku ya tano tukamzika. Sitaeleza zaidi ya hapo. Nakumbuka viatu vya watu vimejaa mlangoni, vyote vina matope, na mimi nikivipanga viwili viwili kwa sababu hakuna aliyenipa kazi nyingine.

Tukagundua kwamba hatuna picha yake. Ilikuwepo moja tu, ndogo kama stempu, kwenye kibali chake cha kuvukia mpaka, na muhuri wa bluu ulikuwa umegongwa juu ya shavu la kulia. Mama aliufurahia sana muhuri ule. Alisema afisa amempaka poda.

Ndugu walipanga kwamba Julai tutasimika msalaba kaburini na kufanya ibada nyumbani. Baba akasema siku hiyo watu watamwona mama. Alinunua ubao mzuri, akausugua kwa msasa wiki nzima, akaupaka rangi nyeupe mara tatu. Kisha akaanza. Alikuwa anarudi kutoka kwenye foleni ya malori saa tisa mchana, ananawa, anaweka kile kibali mezani kando ya yule mwanamke wa maua, na anachora hadi mwanga unapungua. Mimi nilikaa kwenye debe langu. Tunduma inakuwa na baridi miezi ile, upepo unapita chini ya mlango, lakini hakuna mahali pengine nilipotaka kuwa, kwa sababu mama alikuwa anarudi pale kidogo kidogo: kwanza nyusi, halafu shingo, halafu ile namna ya kugeuka kama ameitwa.

Siku aliyoweka brashi chini na kusema amemaliza, nilisogea karibu. Alikuwa mama, na hakuwa mama. Shavu la kulia lilikuwa zima, laini kama la msichana kwenye kalenda.

"Kovu liko wapi?" nikauliza.

Baba aliendelea kufuta vidole. "Limefunikwa na muhuri. Hatulioni kwenye picha."

"Lakini tunalijua."

"Tunalijua."

"Basi siyo mama huyu." Nilikuwa nimeanza kulia, na kilio cha mtoto aliyefiwa kina ukatili wake. "Ulisema mwenyewe. Yule mzee wa chunjua, ulisema ukifuta umechora mtu mwingine. Umechora mwanamke mwingine! Mimi simtaki!"

Nilidhani atanigombeza. Badala yake aliniuliza kwa upole, kama anavyomuuliza mteja, "Unataka niliweke?"

"Ndiyo."

"Una uhakika, mwanangu?"

"Ndiyo."

Akachanganya kahawia na nyekundu kidogo, akaongeza nyeupe, akajaribu kwenye kucha ya kidole gumba. Akaweka brashi chini, akasugua viganja, nami nikaenda kufunga dirisha nikidhani ni baridi. Alilichora lile kovu kwa siku mbili. Nimeona picha nyingi katika maisha yangu, na bado nasema ile ilikuwa sehemu iliyochorwa vizuri kuliko kitu chochote alichowahi kuchora. Ulikuwa unaweza kuhisi ulaini wake kwa macho. Nilipoiona niliweka kiganja changu pale, nikachafuka rangi, na baba akairekebisha.

Siku ya msalaba nyumba ilijaa. Bibi alikuja kutoka Msangano na mama mdogo Edina, amebeba kapu la karanga. Baada ya ibada baba alitoa kitenge kilichofunika ubao.

Watu waliguna kwa mshangao, wengine wakaanza kulia, na mwanamke mmoja wa Nakonde akapaza sauti, "Bana Loveness! Ni yeye mwenyewe!" Mimi nilijaa fahari. Halafu nikamwona bibi. Alisogea mpaka kwenye picha, akafungua kitenge chake cha begani, akakiweka juu ya lile shavu na kukishikilia hapo kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia damu.

"Mbona umenifanyia hivi?" alimwambia baba. Hakupiga kelele. "Mkwe wangu, mbele za watu wote hawa? Nimekukosea nini?"

Baba alikuwa amesimama karibu yangu kabisa. Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa machache: ni mimi, bibi, mimi ndiye niliyetaka. Nilimtazama baba usoni nikingoja anitaje. Akaniwekea mkono begani, akaubonyeza kidogo, akamjibu, "Nisamehe, mama. Ni mkono wangu."

"Siwezi," bibi alisema.

Aliondoka kabla ya chakula. Kapu la karanga alikuwa amelisahau, na mama mdogo Edina akarudi mbio kulichukua, haangalii mtu. Jioni ile baba aliugeuza ubao ukatazama ukuta, na tangu siku hiyo alichora herufi tu. Madereva walimwomba simba, akawaambia simba wamekwisha.

Nilikua. Nilisoma, nikaolewa, nikahamia Mbeya, na kwa muda wote huo nilibaki na hasira ndogo juu ya bibi yangu. Niliona ni mwanamke mwenye majivuno, anayeona aibu kuwa na mtoto mwenye kovu. Nilimpenda, ila na ile hasira ilikuwepo, kama kijiwe ndani ya kiatu.

Mwaka ambao bibi alifariki tulikwenda kuzika Msangano. Baba alikuja, ingawa alikuwa amezeeka na jicho moja lilikuwa limeingia ukungu. Hakuingia uani. Alikaa na wanaume nje ya ua, karibu na barabara. Mimi na mama mdogo Edina tulikuwa tunasugua masufuria kwa majivu, na sijui kwa nini nikamuuliza kama bibi aliwahi kuzungumzia ile picha.

Akaacha kusugua.

"Kumbe hawakukuambia," alisema. "Mama yako alikuwa na mwaka mmoja. Bibi alimwacha amelala karibu na moto, akaenda kuchota maji, akakutana na wenzake, wakapiga stori kidogo. Kidogo tu, Loveness. Aliporudi mtoto alikuwa amejiviringisha kwenye makaa. Tangu hapo bibi kila akiliona lile shavu alikuwa hali chakula. Dada alipopata akili akaanza kufunga kitambaa. Alikuwa anamfungia mama yake. Na baba yako alijua. Dada alimwambia, siku ukinichora usiliweke hilo, mama yangu asije akaliona ukutani maisha yake yote. Ndiyo maana bibi alishangaa sana. Alisema, huyu aliahidi, huyu alijua, amenifanyia makusudi."

Sufuria lilikuwa mikononi mwangu na majivu yakawa yanadondokea miguuni. Nilitoka nje ya ua. Baba alikuwa kwenye kiti cha plastiki, fimbo katikati ya magoti. Nilichuchumaa mbele yake kama nilivyofanya nilipokuwa mdogo.

"Baba, ulikuwa umemwahidi mama."

Alielewa mara moja nazungumzia nini. "Nilimwahidi."

"Sasa kwa nini uliliweka?"

"Ulikuwa unalia," alisema. "Mama yako alikuwa ameshakufa, wewe ulikuwa hai. Nikaona nimvunjie yeye ahadi."

"Na kwa nini hukumwambia bibi kwamba ni mimi niliyekulazimisha?"

Baba alinigeuzia lile jicho lake zima. "Alikuwa amefiwa na mtoto, nimnyang'anye na mjukuu? Na wewe, upande wa mama yako ulikuwa umebakiwa na nani mwingine wa kukupakata?"

Nilikuwa nimechelewa kwa siku mbili kumwambia bibi ukweli ambao ningeweza kumwambia kwa zaidi ya miaka ishirini. Ninachoweza ni kuwaambia ninyi.

Kila likizo baada ya siku ile ya msalaba nilikwenda Msangano. Baba alinipeleka mwenyewe mpaka gari linaposhushia abiria, ananibebea mfuko wa sukari na sabuni za bibi, ananifuta vumbi usoni kwa leso yake, kisha anasimama palepale barabarani ananitazama nikishuka njia ya mashambani peke yangu. Kule chini bibi alinipokea kwa mikono miwili, akanipikia ugali wa ulezi, akanilaza ubavuni pake, akanisimulia mama alivyokuwa mtoto. Nilikula nikashiba. Na kila niliporudi nilimtania baba kwamba anaogopa kutembea, kwamba amekuwa mtu wa mjini asiyetaka kuchafua viatu, naye alicheka pamoja nami, akaniambia ndiyo, vumbi la Msangano limemshinda.